Klara wa Zamu ya Usiku

Jina langu la ofisini ni Klara.
La nyumbani Ritianne, binti Zerafa wa Msida, kisiwani Malta.
Tuko ghorofa ya nne, juu ya duka la miwani,
na kiyoyozi kinapuliza baridi ya mochwari
nje Agosti ikichoma mawe.
Kazi yangu ni kuwakumbuka watu.

Mteja akikaa siku tatu hajacheza
kompyuta huniwashia alama nyekundu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
ndivyo walivyosema waliojua kulima.
Sisi ya tatu tulimpa bonasi.

Desmond Oxley. Hartlepool, Uingereza. Miaka hamsini na minane.
Dereva wa foklifti kwenye ghala la biskuti.
Kuzaliwa: tarehe tisa Februari.
Hutoka zamu saa nane usiku,
nami saa nane na dakika kumi nilikuwa nimeshamfikia:
*Des, rafiki yangu, pauni hamsini ziko mezani, zako, bure.*

Bure.
Neno hilo nimeliandika kuliko jina langu.
Chini yake, kwa herufi za miguu ya sisimizi:
zizungushe mara arobaini ndipo utoe.
Hamsini mara arobaini. Piga hesabu wewe.
Yeye alijibu,
*Ubarikiwe Klara. Mwaka huu ni wewe tu uliyekumbuka.*

Kodi yangu ya Machi aliilipa yeye.
Ya Aprili pia, nusu.

Aliniambia habari za Maureen, mkewe,
figo, mashine, Jumanne na Ijumaa.
Nikasema pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli, naapa,
kisha nikajaza kisanduku cha maelezo:
*Mke mgonjwa. Jumanne asubuhi usimtumie ofa, hasomi.
Jumanne jioni husoma.*

Halafu zikaja kanuni.
Bwana Camenzuli wa sheria alitusomea amesimama,
pichi mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye saa.
Mwisho mara kumi, si arobaini.
Asiyekubali kutumiwa ujumbe, asitumiwe.
Mwenye dalili za kuumia, asipewe zawadi yoyote.
Dalili: hucheza usiku wa manane.
Hujaza akaunti mara tatu ndani ya saa moja.
Huomba kutoa pesa zake, kisha hughairi.
Nilisikiliza kama mtu anayesomewa wasifu wa jirani yake.

"Kesho watatupimia na chumvi," alisema Etienne wa meza ya pili.
Tukacheka.
Nami nilicheka.

Orodha yangu ilikwenda na majina mia moja na kumi na mawili,
ikarudi na kumi na tisa.
Des hakuwamo.

Siku ya kumi na moja akaandika mwenyewe:
*Klara, kimya. Nimekukosea nini?*

Mshale ukapepesa, ukapepesa.
Jibu lililoruhusiwa lilikuwa moja, limeandikwa na mawakili:
Ndugu mteja, akaunti yako inakaguliwa.
Ukihitaji mtu wa kuongea naye, piga namba hii.
Nikaiweka namba. Nikaihakiki mara mbili, tarakimu kwa tarakimu.
Pale chini palipokaa jina langu siku zote
nikafuta.

Nilitaka kumwambia hukunikosea,
kwamba hakuna Klara,
kwamba aliyemkumbuka ilikuwa alama nyekundu
na msichana mwenye kodi ya kulipa.
Lakini huo nao ungekuwa ujumbe,
na angeusoma Jumanne jioni.

Leo ni tarehe tisa Februari.
Nimesimama kituo cha basi, mfuko wa karatasi umelowa mafuta,
vitumbua vya jibini vya mama vinapoa.
Simu inasema Hartlepool kuna theluji.
Vidole vinaniwasha.
Nimewahi kumpa mtu yule zawadi thelathini na nne, nilizihesabu,
na hii ya leo, kimya,
ndiyo isiyo na vigezo wala masharti.

Sijui kama imemfikia.
Basi limekuja. Limejaa. Nimeliacha lipite.